Uliza pia kwa wasiofiwa: somo la epidemiolojia kwa wafugaji na wakulima wa Bagamoyo

Kipindi hiki cha masika simu yangu haitulii, na nyingi zinafanana. Kijana anapiga saa kumi na mbili asubuhi, sauti imeshakauka:

"Shikamoo mtaalamu. Kuku wanaisha. Chakula cha lile duka kina sumu."

"Marahaba. Umejuaje kama ni chakula?"

"Sisi wote tuliofiwa na kuku tumenunua pale pale."

"Na ambao hawajafiwa, wao wamenunua wapi?"

Hapo simu inakuwa kimya. Siyo kwamba kijana ni mzembe. Swali lenyewe halimjii mtu mwenye mizoga kwenye kiroba na mkopo wa vikoba kichwani. Lakini ndilo swali lililojenga fani nzima inayoitwa epidemiolojia, yaani elimu ya kuchunguza ugonjwa unampata nani, wapi, lini, na kwa nini huyu umempata na yule umemwacha. Madaktari wa afya ya jamii wanaitumia kwa watu, sisi tunaitumia kwa kuku, ng'ombe, muhogo na nanasi. Kanuni ni zile zile, na hazihitaji maabara. Zinahitaji daftari, kalamu, na moyo wa kwenda kugonga hodi hata kwenye banda ambalo halina shida.

Najua wengi mtasema haya ni ya wizarani. Subirini kidogo, mpaka mwisho wa somo mtaona yanahusu hela yenu na ugali wenu.

Kwanza mkubaliane mnahesabu nini

Kabla ya kuhesabu, lazima mseme "mgonjwa" ni nani. Mmoja akihesabu kila kuku aliyezubaa, mwingine akahesabu waliokufa tu, namba zenu haziwezi kukaa kwenye karatasi moja. Kwa hiyo mnaandika sharti. Kwa mfano: "Banda lenye ugonjwa ni lile lililopoteza kuku 5 au zaidi katika kila 100 ndani ya siku 7, na baadhi yao walikuwa na harisho la kijani, kukoroma au shingo kupinda." Mnaandika pia eneo na tarehe: labda Mapinga, Kerege na Zinga, kuanzia tarehe mosi mpaka tarehe thelathini.

Sharti hilo halisemi "mdondo". Linasema dalili zinazoonekana, maana jina la ugonjwa ndilo mnalolitafuta. Ukianza kwa kuandika mdondo, utawaacha nje kuku wenye shida nyingine iliyojificha humo humo, au utawaingiza wenye gumboro kwa nguvu. Sharti linaweza kubadilika kadiri mnavyojua zaidi, ila likibadilika mnarudi kuhesabu upya kuanzia mwanzo.

Halafu gawanya

Mfugaji mmoja kafiwa na kuku 40. Jirani yake kafiwa na 15. Nani ana hali mbaya? Kwenye kijiwe jibu ni wa 40, na huyo ndiye atakayetembelewa na diwani. Sasa uliza walikuwa na kuku wangapi. Wa kwanza alikuwa nao 2,000, kwa hiyo amepoteza 2 katika kila 100. Wa pili alikuwa nao 100, amepoteza 15 katika kila 100. Banda la pili ndilo linalowaka moto.

Namba ya juu bila namba ya chini haina maana. Vifo bila jumla ya waliokuwepo ni kelele tu. Ndiyo maana kila siku nawaomba mwandike idadi ya kuku waliopo, siyo ya waliokufa peke yake, na hamwandiki.

Jambo jingine dogo: tofautisha wapya na waliopo. Wagonjwa wapya wa leo ni kama maji yanayoingia kwenye simtanki, wagonjwa waliopo ni maji yaliyomo ndani. Tanki linaweza kuwa limejaa wakati bomba limeshafungwa, au likawa karibu tupu wakati bomba ndiyo kwanza limefunguliwa. Ukitaka kujua mlipuko unapanda au unashuka, angalia bomba.

Sasa turudi kwenye lile duka

Tufanye hesabu ya kujifunzia. Namba hizi nimezitunga ili somo lieleweke, msije mkazisambaza kwenye magrupu kwamba ni takwimu za Bagamoyo.

Tuseme kata ina wafugaji 30 wa kuku wa mayai. Mabanda 10 yametimiza sharti la ugonjwa, 20 ni mazima. Mnawauliza wale 10 na 9 wanasema wananunua chakula kwenye duka lile. Tisa katika kumi! Hapo watu wanaanza kutafuta mawe. Lakini mnajikaza, mnakwenda kwa wale 20 wazima, na 18 wanasema na wao wananunua pale pale. Tisa katika kumi vile vile. Duka ni maarufu, basi. Liko njiani, linakopesha, kila mtu ananunua pale, mwenye kufiwa na asiyefiwa.

Igeuze hesabu uione kwa upande mwingine. Wanaonunua pale ni 27, waliopata ugonjwa kati yao ni 9, yaani theluthi moja. Wasionunua pale ni 3, aliyepata ugonjwa ni 1, theluthi ile ile. Kununua au kutonunua hakuleti tofauti yoyote.

Kisha mnauliza habari ya trei. Yule mnunuzi wa mayai anayepita na pikipiki anaacha trei zake na kuchukua zako, na trei alizoacha kwako leo jana zilikuwa kwa mwingine. Kati ya mabanda 10 yenye ugonjwa, 8 yalipokea trei zake. Kati ya mabanda 20 mazima, 4 tu. Kwa hiyo waliopokea trei ni 12, na 8 wamepata ugonjwa: watu 67 katika kila 100. Ambao hawakupokea ni 18, na 2 wamepata: 11 katika kila 100. Kupokea trei kumeambatana na hatari mara sita zaidi. Sasa hapo ndo pa kukaa na kuangalia: je, trei zinaingia mpaka ndani ya banda? Zina kinyesi? Mnunuzi anaingia na viatu vyake?

Oneni kilichotokea. Tungewasikiliza waliofiwa peke yao, tungemfungia biashara mtu asiye na kosa na trei zingeendelea kuzunguka. Majibu yalikuwa kwa wale ambao hawana la kulalamika.

Makueni na Kitui, 2004

Hili siyo somo la kutunga. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hospitali zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano, matumbo yamevimba, wanakufa kwa ini. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Kufikia Julai 20 mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Gawanya: karibu 39 katika kila 100. Ugonjwa unaoua kiasi hicho unatisha, na manjano inaweza kuletwa na mambo mengi, kuanzia virusi vya homa ya ini, pombe, dawa, mpaka sumu.

Wachunguzi wa Wizara ya Afya ya Kenya na wenzao wa Marekani, kutoka kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, walifanya kile nilichowaeleza. Waliweka sharti la nani ni mgonjwa. Kisha wakachukua wagonjwa 40, na kwa kila mgonjwa wakatafuta watu wawili wa kijiji kile kile wasio na manjano, jumla 80. Wagonjwa 40, wazima 80. Ona uzito waliowapa wazima: wamewahoji mara mbili ya wagonjwa.

Kwa nini hawakuhoji kila mtu, kama sisi na wafugaji wetu 30? Kwa sababu huwezi kuhoji wilaya nzima wakati watu wanakufa. Ukiwa na wagonjwa wachache ndani ya bahari ya watu, unaanza na wagonjwa, unawatafutia wenzao wanaofanana nao kwa mahali, halafu unauliza wote maswali yale yale kuhusu siku zilizopita: mlikula nini, mlikihifadhi wapi, kilikuwa na hali gani.

Majibu yakaanza kutengana. Nyumba zenye wagonjwa zilielekea zaidi kuwa zimehifadhi mahindi ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani, na mahindi yenyewe yalikuwa na unyevu. Wakapima sampuli za mahindi ya pande zote mbili. Kwa wagonjwa, wastani wa sumukuvu aina ya aflatoksini ulikuwa karibu mikrogramu 350 kwa kila kilo. Kwa wazima ulikuwa takriban 44. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati ule kilikuwa 20.

Someni tena hiyo namba ya wazima. Arobaini na nne. Nao walikuwa wanakula mahindi mabaya, mara mbili ya kiwango! Wangepima mahindi ya wagonjwa tu, wangesema "mahindi yana sumu", na wangekuwa sahihi nusu. Wangepima ya wazima tu, mtu angesema "mbona hawa wana sumu na hawaumwi, basi siyo sumu". Kulinganisha ndiko kulikoonyesha kwamba kipimo kina kazi yake: sumu ikizidi, hatari inazidi. Kwenye epidemiolojia hiyo ni dalili nzito ya kwamba umemkamata mhusika na siyo kivuli chake.

Halafu walikwenda masokoni. Katika sampuli 350 za mahindi na unga walizokusanya kwa wauzaji, 55 katika kila 100 zilizidi ile 20, na 7 katika kila 100 zilizidi 1,000. Maana yake mahindi ya shambani kwa mtu yalikuwa yameshaingia sokoni, na kuonya familia moja moja kusingetosha.

Kwetu yalifika pia. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara walipata mlipuko wa namna hiyo hiyo: wagonjwa 68, waliofariki 20. Waliokufa walikula mahindi, chakula cha kila siku, siyo kitu cha ajabu.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Wengi wenu mnalima mahindi kidogo na kufuga, na nimesikia kwa masikio yangu ule usemi wa "haya yameoza, tutawapa kuku". Sisi wa pwani tuna unyevu wa bahari mwaka mzima. Mahindi yaliyokauka vizuri Msata yanaweza kulala wiki kadhaa kwenye stoo ya Mlingotini, yameegemea ukuta, yakarudisha maji. Kuvu akishatoa sumu, kupika ugali hakuiondoi, na kusaga kunaificha tu. Kausha mpaka unyevu ushuke chini ya 13 katika kila 100. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu yenye mfuniko, weka mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Isiponata hujamaliza kazi bado, lakini una mwanzo mzuri. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki sasa ni 10 kwa kilo, nusu ya kile cha Kenya ya 2004.

"Nimechanja na bado wamekufa"

Hii ni simu ya pili kwa wingi. Mtu amechanja mdondo, kuku wachache wamekufa, anatangaza chanjo ni maji. Nami nikimuuliza wasiochanja wamefiwa na wangapi, tunarudi kwenye ule ukimya.

Jibu zuri la jambo hili liko hapa hapa mjini kwetu. Wazazi wengi wa Bagamoyo wanakumbuka utafiti wa chanjo ya malaria, RTS,S, uliofanyika kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, tawi la Bagamoyo. Ulianza mwaka 2009, ukahusisha vituo 11 katika nchi 7 za Afrika. Tanzania tulikuwa na viwili, Bagamoyo na Korogwe. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki. Wale wa miezi 5 hadi 17 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata chanjo ya malaria, wengine chanjo ya kichaa cha mbwa. Mzazi hakujua mtoto wake amepata ipi.

Watu waliuliza kichaa cha mbwa kinahusiana nini na malaria. Hakihusiani, na ndiyo sababu kilichaguliwa. Ilitakiwa kundi la kulinganishia ambalo limechomwa sindano kama wenzao, limefuatiliwa kama wenzao, linalala kwenye vyandarua kama wenzao, na lisiondoke mikono mitupu. Bahati nasibu nayo ilikuwa na kazi. Ungewaacha wazazi wachague, wale makini wangechagua chanjo mpya, na hao hao ndio wanaochomeka chandarua kila usiku. Mwisho usingejua kilichomlinda mtoto ni chanjo au ni mama yake.

Matokeo: katika mwaka wa kwanza, malaria ilipungua kwa takriban nusu kwa watoto wa umri huo. Walipofuatiliwa kwa miaka karibu minne, waliopata dozi nne, punguzo lilikuwa kama 36 katika kila 100. Maana yake watoto waliochanjwa waliugua malaria! Wengi tu. Mama mmoja mmoja angeweza kusema kwa haki kabisa "wangu kachanjwa na kaumwa". Lakini ukiwaweka pamoja na kuwalinganisha na wenzao, kati ya kila mara 100 ambazo watoto wangeugua, 36 hazikutokea. Kwa ugonjwa unaoua watoto kama malaria hiyo ni idadi kubwa, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike.

Sasa peleka kwenye banda lako. Kuku aliyechanjwa na akafa ni habari moja. Habari kamili ni wangapi katika 100 waliochanjwa, dhidi ya wangapi katika 100 wasiochanjwa, kwenye mtaa ule ule na wiki ile ile. Kama tofauti haipo, ndipo tuulize chanjo ilikaa kwenye baridi? Ilipita nayo jua la stendi? Uliwapa maji yenye klorini? Ulirudia kila baada ya miezi mitatu? Chanjo ya mdondo tunatengenezewa jirani tu, Kibaha, ila kutoka Kibaha mpaka kwako kuna pikipiki na jua la saa saba.

Tahadhari moja: msijifanye watafiti kwa kuacha nusu ya banda bila chanjo ya mdondo ili mlinganishe. Mdondo tunaujua, huo ni ukatili na hasara. Ukitaka kujaribu kitu kwa bahati nasibu, jaribu kile ambacho kweli hujui, mfano aina mbili za virutubisho ulizoshawishiwa na mawakala wawili tofauti.

Sababu iliyojificha

Hili linawasumbua hata wasomi. Tuseme mnagundua wanaowapa kuku maji ya mwarobaini wanafiwa kidogo kuliko wasiowapa. Mwarobaini unazuia mdondo? Kabla hamjachuma majani yote ya Kiromo, ulizeni: wanaohangaika kuchemsha mwarobaini ni watu wa aina gani? Mara nyingi ni wale wale wanaofagia banda, wanaochanja kwa tarehe, wasioruhusu wageni. Mwarobaini unaweza kuwa abiria tu kwenye basi lililoendeshwa na chanjo.

Njia ya kumtoa abiria ni kutenganisha. Chukua waliochanja tu, linganisha wenye mwarobaini na wasio nao. Kisha chukua wasiochanja tu, linganisha tena. Tofauti ikiyeyuka pande zote mbili, mwarobaini haukuwa na kazi. Ikibaki, kuna jambo la kufuatilia. Mimi sina ugomvi na dawa za asili, nina ugomvi na hesabu ya upande mmoja.

Tarehe na ramani

Andika tarehe ya kifo cha kwanza kwa kila banda, halafu zipange. Mabanda mengi yakianza ndani ya siku moja au mbili, fikiria kitu kimoja kilichowafikia wote kwa pamoja: chakula cha mzigo mmoja, maji ya kisima kimoja, vifaranga wa siku moja. Yakianza mawili, kisha baada ya wiki matano, kisha kumi, hapo kitu kinapita kutoka banda hadi banda. Kwa mdondo, kutoka kuambukizwa mpaka dalili huwa kama siku 5 au 6, ingawa inaweza kuwa 2 au ikafika 15. Kwa hiyo ukihesabu kurudi nyuma siku hizo, unajua ni wiki gani ya kuuliza nani aliingia bandani.

Na msinielewe vibaya kuhusu duka. Kuna siku chakula kinakuwa ndicho chenye kosa. Mwaka 1960 Uingereza walikufa vifaranga wa bata mzinga zaidi ya 100,000 ndani ya miezi michache. Hawakujua ni nini, wakauita ugonjwa X. Ulifikiriwa ni wa kuambukiza, lakini haukupita kama ugonjwa wa kuambukiza: mashamba mengi yaliyopigwa yalikuwa kwenye eneo moja kuizunguka London, na yaliyopigwa yalishirikiana chakula. Wakafuata mzigo nyuma mpaka kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ndani yake kuvu. Sumu ya kuvu huyo, Aspergillus flavus, ndiyo ikapewa jina aflatoksini, ile ile iliyoua Makueni miaka 44 baadaye. Wafugaji wa bata mzinga ndio walioipata kwanza kabla madaktari wa binadamu hawajaijua.

Kwa hiyo ukilituhumu duka, lituhumu kwa hesabu. Muuza duka naye ana mkopo.

Cha kufanya kuku wakianza kufa

Usiuze waliobaki haraka haraka kwenye mnada, na usifanye supu na wanaokufa. Dalili za mdondo na za mafua makali ya ndege zinafanana, na bwana mifugo hawezi kuzitofautisha kwa macho. Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Mizoga miwili au mitatu iliyokufa karibuni iwekwe kwenye mifuko miwili, na barafu nje ya mifuko, ipelekwe kupimwa. Iliyobaki izikwe au ichomwe.

Wakati unasubiri, fungua ukurasa mpya wa daftari. Kuku wangapi walikuwepo, umri wao, wangapi wamekufa na tarehe zake, chanjo na tarehe zake, mzigo gani wa chakula, maji ya wapi, nani ameingia kwa siku 15 zilizopita, trei za nani. Halafu vuka barabara, bisha hodi kwa jirani ambaye kuku wake wanataga vizuri, na umuulize yote hayo hayo kwa mpangilio huo huo. Usimuulize kwa kumshuku, wala usimuulize maswali machache kwa sababu yeye hana shida. Ukimuuliza mgonjwa maswali kumi na mzima maswali matatu, umeshaharibu ulinganisho kabla hujaanza.

Zoezi la wiki hii, na wa Kiwangwa msijifanye halikuwahusu. Namba ni za kujifunzia. Mashamba 24 ya nanasi, 8 yana mnyauko na 16 ni mazima. Kati ya yale 8, mashamba 6 yalinunua miche kwa muuzaji mmoja. Kati ya yale 16, mashamba 12 yalinunua kwake pia. Mashamba 7 kati ya 8 yenye mnyauko yana sisimizi wengi na wadudu weupe kama pamba kwenye mashina; kati ya 16 mazima, ni 4 tu. Je, utamfuata muuzaji wa miche au utainama kuwaangalia sisimizi? Fanyeni kwa njia zote mbili tulizotumia kwenye trei, mwandike na kugawanya kwenyewe, siyo jibu tupu. Niletee kabla ya Ijumaa.